Aksanti ya Kijerumani, Siku ya Sindano ya Ng'ombe

Mama yangu Mukabaranga alijipiga jembe kwenye muguu akilima viazi. Ilikuwa kidogo tu, chini ya goti, lakini kidonda ile ikakataa kupona. Tuliweka majani, tukaweka majivu, tukaweka siagi ya ng'ombe. Ikaendelea kula nyama pole pole, sawa vile panya anavyokula kikapu. Ule mwaka wa 1940 nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikaa kwenye kilima kimoja upande wa Ngungu, sisi watu ya ng'ombe, karibu na shamba ya Mubelji mumoja tuliyemuita Bwana Mapipa juu ya mapipa yake ya maziwa.

Pale kwa Bwana Mapipa kulikuwa Madame mumoja aliyeangalia kazi ya siagi. Hakuwa bibi yake. Alikuja kutafuta kazi, akapewa mashini ya kutenga mafuta na maziwa, na watu wakamuita Mama Siagi. Mikono yake ilikuwa nyekundu na sauti yake kali, na mutoto aliyegusa pipa na vidole vichafu alipigwa kitambaa kwenye shingo. Lakini siku aliona muguu ya mama, alitupa kile kitambaa chini.

"Nani ameacha hii hivi?" akauliza. Ungefikiri tumemuibia.

"Ni Mungu, Madame," mama akasema.

"Hapana kumusingizia Mungu. Kaa hapa."

Kuanzia siku ile, kila siku ya tatu ya juma na kila siku ya posho, ile ya sita, nilimupeleka mama nyuma ya jikoni ya Bwana Mapipa, yeye ameegemea bega yangu. Mama Siagi alichemsha maji, akatia mbegu ndogo ndogo za dawa ya rangi ya zambarau, akizihesabu moja moja kwa midomo yake: ains, tsvai, drai, fia. Akifika nane, anakoroga. Kisha anaosha, na mama anauma kitambaa ya kichwa chake ili asilie. Miezi mitatu tulifanya vile. Kidonda ikaanza kujifunga kando kando, ikaleta nyama mupya.

"Miezi mbili tena," Mama Siagi akasema. "Lakini hapana kuruka hata siku moja. Ukiruka, inaoza upya."

Miezi mbili. Mama alizihesabu kwa fundo kwenye kamba ya mukeka.

Mimi njo niliharibu, na sikujua. Siku moja nilikuwa namimina maziwa nyumbani, nikahesabu vibuyu sawa Mama Siagi: ains, tsvai, drai. Sogokuru Rukara, baba ya baba yangu, alikuwa anasokota kamba mulangoni. Mikono yake ikasimama.

"Kamaliza, bibi yangu mudogo, ile hesabu umeiokota wapi?"

"Kwa Mama Siagi, Sogokuru. Anahesabu dawa vile."

"Ile ni hesabu ya Wadachi!" Akacheka mupaka akakohoa. "Kumbe huyu mwanamuke ni Mujerumani! Na mimi namupita kila asubui sawa jiwe!"

Muntu asiyemujua Sogokuru hataelewa furaha yake. Mbele ya vita ya kwanza, wakati Wajerumani walikuwa wangali kule Gisenyi, yeye alikuwa kijana anabeba mizigo yao. Siku moja mto Sebeya ulijaa ukamuchukua ofisa mumoja. Rukara akaingia ndani ya maji, akamushika kwenye mukanda, akamutoa. Kesho yake yule ofisa alipanga asikari wote mustari, akamuita mubeba mizigo mbele yao, akamushika mukono na kusema: Danke shen. Danke fia di hilfe. Maana yake: Aksanti sana, aksanti kwa musaada. Hakumupa hata nguo. Lakini katika maisha yake yote, hakuna mukubwa mwingine, mweusi ao mweupe, aliyemushukuru Sogokuru mbele ya watu. Maneno ile aliitunza sawa vile wengine wanatunza medali. Aliisema peke yake akikamua ng'ombe. Sisi tulizani anaimbia ng'ombe.

Akanifundisha ile jioni. Na siku ya tatu, wakati Mama Siagi alimaliza kufunga kitambaa kwenye muguu ya mama, nikasimama vizuri, mikono miwili mbele, nikasema, "Danke shen, Madame. Danke fia di hilfe."

Bakuli ikamutoka mikononi. Maji ya zambarau ikatambaa mupaka kwenye miguu yangu. Akafunga mulango ya jikoni, akarudi, akapiga magoti mbele yangu, uso wake umekuwa mweupe kama unga.

"Nani amekufundisha?"

"Sogokuru."

"Nani mwingine amesikia?"

"Hakuna, Madame."

"Sikiliza, Kamaliza. Na weye, Mukabaranga, sikiliza. Kule Ulaya kuko vita. Wajerumani wameingia kwa Wabelji. Na hapa Kongo, Leta, serikali ya Wabelji, inakamata kila Mujerumani, mwanaume na mwanamuke, inawafunga ndani ya waya. Karatasi yangu inasema mimi ni muntu wa Suisse, inchi isiyo kwenye vita. Bwana Mapipa anajua kweli, na sasa nyinyi. Muntu wa Leta akisikia ile luga kwangu, watanichukua siku ile ile. Na hii muguu nani ataiosha? Weye?"

"Hapana, Madame."

"Basi ufunge mudomo. Na mufunge mudomo ya sogokuru wako."

Mudomo yangu niliifunga. Lakini mutoto atafunga namna gani mudomo ya sogokuru?

Nilimuelezea kila kitu, yeye anakunywa maziwa, anaitika "eeh, eeh". Nikamaliza. Akapangusa ndevu.

"Anakupima," akasema.

"Ananipima nini?"

"Adabu. Muntu mukubwa anasema 'hapana kunishukuru, hapana kunishukuru', na ndani ya roho anangoja. Ukimusikiliza, anasema hawa ni washenzi. Na ile vita wanayosema ni nini? Wazungu ni wandugu. Wanapigana sawa dume mbili za zizi moja. Jioni ikifika wanalala pamoja."

"Sogokuru, watamufunga!"

"Nani atamufunga muntu juu ya aksanti? Umeona wapi?"

Sikuwa nimeona fasi yoyote.

Kwetu watu ya ng'ombe kuko desturi inaitwa gukura ubwatsi. Ukipewa ng'ombe, haijakuwa yako mupaka urudi kwa aliyekupa, na pombe, na wandugu, na wewe usimame mbele ya watu umushukuru kwa sauti. Na yeye lazima ajibu, aonje pombe. Akinyamaza, maana yake amejuta, zawadi imerudi. Sogokuru alisema muguu inayotembea ni zaidi ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe bila muguu ya kuifuata ni ya muizi. Basi Mama Siagi atashukuriwa sawa mutoa ng'ombe, mbele ya watu, na kwa luga ya mama yake.

"Umushukuru kwa Kiswahili basi," nikamuomba. "Ao kwa luga yetu."

"Kiswahili ni luga ya njia, ya kuuliza soko iko wapi. Hii ni muguu ya mama yako."

"Basi uende kwake jikoni, peke yako."

"Aksanti ya kuficha ni ya muizi kwa muizi mwenzake. Toka hapa, bibi yangu mudogo, umeanza kunichosha."

Mama hakuweza kumukataza. Kwetu mwanamuke hataji hata jina ya baba ya bwana wake. Atamupinga na kinywa gani? Alimuambia baba yangu Manassé usiku mumoja, mimi nasikia nyuma ya ukuta. Baba alichunga ng'ombe za Bwana Mapipa, na alimuogopa baba yake kuliko alivyomuogopa Bwana Mapipa.

"Unataka nimukataze baba yangu asishukuru?" akasema. "Watu watasema mimi njo nimekula shukrani yake."

"Watu watasema. Na muguu yangu?"

"Labda atasahau."

Hakusahau. Alitafuta mutama, akaagiza pombe, akachagua siku. Na siku aliyochagua, Mungu wangu, ilikuwa siku ya sindano ya ng'ombe.

Siku ile ng'ombe za vilima vyote zilishuka kwenye shamba ya Bwana Mapipa, kwa sababu munganga ya nyama, yule wa kutibu ng'ombe, alikuja kuzichoma sindano. Watu walijaa, vumbi ikajaa, dume zikapigana. Na pamoja na munganga alikuja Bwana wa Leta, kijana wa Kibelji mwenye miwani, kuandika kila ng'ombe ya kila muntu. Walimutilia meza chini ya turubai. Na aliyekaa kando yake, akimusomea majina ya wenye ng'ombe kwa sababu aliyajua yote, alikuwa Mama Siagi.

Niliona Sogokuru anavaa koti yake ya Misa. Nikakimbia mbele. Nilipita kati ya ng'ombe, nikafika kwenye meza, nikainama kwenye sikio ya Mama Siagi. "Madame, Sogokuru anakuja na pombe. Atasema."

Hakugeuza kichwa. Niliona tu shingo yake inakuwa nyekundu.

"Anataka nini huyu mutoto?" Bwana wa Leta akauliza, kalamu iko juu.

"Maziwa," Mama Siagi akasema. Kisha kwangu, na ile sauti yake kali ya kila siku: "Muambie aje kesho. Leo tuko na kazi. Kesho, umesikia?"

Nikarudi mbio. Sogokuru alikuwa amekwisha toka kwenye njia, vijana wawili nyuma yake wamebeba nyungu ya pombe, na baba yangu nyuma kabisa, anaangalia viatu vya watu wengine.

"Anasema kesho, Sogokuru! Yeye mwenyewe amesema!"

"Umeona? Anajua ninakuja. Amekwisha jitayarisha." Akaendelea kutembea.

Nikashika koti yake. Akatembea na mimi, ninakokotwa. Watu wakacheka. "Rukara, bibi yako mudogo anakutaka nyumbani!" mumoja akapiga kelele. "Amekuonea wivu juu ya Madame!" Sogokuru akacheka pia, akatoa vidole vyangu kwenye koti, kimoja kimoja, bila hasira. Kama angenipiga ningelia kwa nguvu, na labda kelele ingeharibu mambo. Lakini hakunipiga.

Nyungu ikawekwa mbele ya meza. Watu wakajua ni nini, wakasogea. Hata waliokuwa wanashika dume kwa pembe wakageuka kuangalia. Bwana wa Leta akatabasamu kidogo, sawa Muzungu anayefikiri ataona ngoma.

Sogokuru akatoa kofia. Akataja ng'ombe zake, akataja baba yake na baba ya baba yake. Akaonyesha mama, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta akijificha nyuma ya wanawake wengine. "Mwanamuke ule," akasema kwa Kiswahili, ili kila muntu asikie, "mutoto wangu alikuwa anamubeba sawa kuni. Leo amekuja hapa na miguu yake. Huyu Madame njo alifanya. Hakuulizwa, hakulipwa. Sasa nitamushukuru na maneno yake mwenyewe."

Akasimama sawa asikari, visigino pamoja. Na akasema, sauti kubwa, safi, bila kosa:

"Danke shen! Danke fia di hilfe!"

Kalamu ya Bwana wa Leta ikasimama. Hakutabasamu tena. Alimuangalia Sogokuru, kisha pole pole akageuza miwani yake kwa Mama Siagi.

Bado Mama Siagi alikuwa na njia. Ninaifikiria mupaka leo. Angecheka. Angesema, "Muzee huyu anasema nini? Sisikii." Sogokuru angeona haya, pombe ingerudi nyumbani, na ingeisha pale. Niliomba Mungu Madame acheke. Nilimuangalia mudomo yake tu.

Lakini watu walikuwa wanangoja. Sogokuru alikuwa wima, kofia mukononi, kichwa yenye mvi wazi kwenye jua, na kila dakika ya kungoja ilikuwa inamuondolea kitu mbele ya vilima vyote. Baba yangu alikuwa anaangalia chini. Mumoja nyuma akaanza kunong'ona, "Amemukatalia." Na Mama Siagi alikuwa amekaa miaka mbili kati yetu; desturi ile aliijua.

Akasimama. "Bitte shen, Papa Rukara," akasema, njo jibu ya danke kwa luga yao. Akaongeza maneno mingine ya ile luga, pole pole, sauti ambayo sikuijua kwake, sauti ya muntu anayesema na baba yake. Akachukua murija, akainama, akaonja pombe.

Watu wakapiga mikono. Wanawake wakapiga vigelegele. Sogokuru machozi ilimutoka, akaipangusa na kofia. Katikati ya ile kelele Bwana wa Leta aliuliza Mama Siagi kitu kwa Kifaransa, kifupi, na yeye akajibu kifupi. Kisha kijana akafungua ukurasa wa nyuma wa kitabu yake, fasi hakukuwa ng'ombe, akaandika. Alimaliza kazi yake yote ile siku. Alikunywa hata pombe.

Siku ya tatu tulienda kuosha muguu sawa kawaida. Kila kitu ilikuwa fasi yake, moto, sufuria, bakuli. Mama Siagi alihesabu dawa kwa Kiswahili, moja, mbili, akapotea kwenye tano, akamwaga maji, akaanza upya.

"Angalia mikono yangu," akaniambia. "Maji ichemke. Ipoe. Mbegu nane. Osha kutoka ndani kwenda inje, hapana kurudi ndani. Sasa weye."

Nikaosha. Mama akalia, kwa sababu mukono yangu ilikuwa nzito.

"Madame, utusamehe," mama akasema. "Tulishindwa na muzee."

Mama Siagi alifunga chupa ya dawa ndani ya gazeti, akanipa. Ilikuwa imebaki robo.

"Hakuna nyingine?" nikauliza.

"Munganga ya nyama alikuwa nayo, nilimuomba. Alisema hawezi kunipa kitu tena."

Siku ya posho tulikuta mulango ya jikoni imefungwa na kufuli. Mupishi ya Bwana Mapipa alituambia kamio, gari kubwa ya mizigo, ilikuja siku ya ine asubui, na polisi wawili. Walimuacha achukue sanduku moja. Watamupitisha njia ya Walikale, akasema, kisha mbele zaidi, fasi Wajerumani wengine wako. Bwana Mapipa alikuwa ndani ya nyumba, hakutoka. Mama alikaa kwenye jiwe alilozoea kukaa, akafungua kitambaa mwenyewe, akaangalia muguu yake, akaifunga tena.

Nyumbani Sogokuru alikuwa amekwisha sikia habari, lakini kwa namna yake. "Kamio ya Leta imekuja kumuchukua!" akatuambia. "Na asikari wawili wa kumulinda! Yule kijana wa miwani alisikia namna watu wanamusifu, akaandika kwa wakubwa. Mimi niliona anaandika."

Nikafungua kinywa. Mama akanishika mukono, akaibana sana.

Chupa ilimaliza wiki tatu. Niliosha na maji ya kuchemsha tu, kisha maji ya chumvi. Niliosha kutoka ndani kwenda inje, hapana kurudi ndani. Nyama mupya ikageuka rangi ya majivu, ikaanza kunuka, na mbele ya mvua ya mwezi wa tisa mama hakuweza tena kukanyaga. Sogokuru alizunguka kwa Wazungu wa mashamba mbili nyingine, kofia mukononi, akiomba dawa ya zambarau. Mumoja alimupa sabuni. Mwisho tukamubeba mama kwenye kipoi, kitanda ya kubeba kwa mabega, siku mbili za njia, mupaka kwa munganga ya misioni.

Ile muguu ilikatwa juu ya goti. Munganga alikuwa muntu muzuri, alitutolea hata viti. Aliosha mikono, akakaa mbele ya Sogokuru, akaongea naye kwa heshima.

"Nani alikuwa anaosha hii kidonda mbele ya kuja hapa?" akauliza.

"Madame mumoja kwetu," Sogokuru akasema.

"Alijua kazi. Mufupa ilikuwa imeanza kufunikwa. Kama angeendelea miezi mbili tu, huyu mama angetembea."

Sogokuru akatingisha kichwa. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda kando yetu, uso kwenye ukuta, lakini hakuwa amelala usingizi. Niliona bega yake imekaza.

"Miezi mbili," Sogokuru akasema. "Wangemuacha miezi mbili. Kamaliza, yule mwanamuke hakuwa na adui hata mumoja kwenye kilima. Nani alimutaja kwa Leta? Nani?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Aliniangalia na macho yake mekundu, anangoja jibu, kwa sababu mimi njo niliingia jikoni kila juma, na kama kuko muntu alijua, ni mimi.

"Kamaliza," mama akasema bila kugeuka. "Niko na kiu."

Nikasimama. Nikachukua kikombe, nikatoka kutafuta maji, na sikujua kisima iko upande gani, nikatembea tu.